Baada ya Kilembwekeza Nikaandika Mama

Siku niliyoanza kazi ya maabara sikuwa natafuta kazi. Nilitoka nyumbani Muleba asubuhi, umande bado uko kwenye majani ya migomba, nikiwa na shati moja la kubadilisha na redio isiyo na betri. Mama akaniuliza kutoka jikoni, "Unaenda wapi?" Nikamjibu kwamba nikifika nitajua. Alikwisha kunizoea. Kufikia hapo nilikuwa nimefyatua matofali, nimeanika dagaa, nimelinda duka ambalo halikuwa na kitu cha kuibwa, na nimewapikia wavuvi waliokula chochote mradi kina chumvi.

Shule niliiacha darasa la sita. Mwalimu alisema mimea hupumua, nikamuuliza pua ya mmea iko wapi, akanitoa nje. Nje kulikuwa na mambo mengi ya kutazama, nikachelewa kurudi ndani.

Lori la kahawa lilinishusha Kibeta, kwa sababu dereva alikuwa na shemeji yake pale. Nikatembea tu. Mbele ya geti moja nikakuta wanawake wawili wanapakua maboksi ya chupa tupu za jemu, mamia ya chupa. Nikawauliza kama wanatengeneza jemu.

"Tunatengeneza migomba," akasema mdogo wao, ambaye baadaye nilimjua kwa jina la Devota.

"Ndani ya chupa?"

"Ulitaka ndani ya soksi?"

Yule mkubwa, aliyevaa koti jeupe, hakucheka. Alinitazama miguu, iliyokuwa na vumbi la nusu wilaya, akasema, "Ukitaka kuona, nawa mpaka kwenye viwiko. Miguu iache nje kama inawezekana." Huyo alikuwa Bi. Kemilembe, mkuu wa maabara. Niliingia kuona. Nimetoka mwezi uliopita, mzee, magoti yakilia kama bawaba. Ninyi mnaobaki mmeniomba niandike ninachokijua. Nitaandika zaidi nilichokosea, maana mnachojua tayari mmesomea.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuosha chupa. Ya pili ilikuwa kuzipika kwenye sufuria kubwa ya presha ili asibaki kijidudu. Ya tatu, ambayo hakuna aliyenipa, ilikuwa kuuliza maswali. Bi. Kemilembe alikuwa na sheria kwamba mtu haongei akiinamia chupa iliyofunguliwa, kwa sababu mate hubeba ukungu. Kwangu hiyo ilikuwa adhabu. Nilijifunza kukusanya maswali asubuhi nzima na kuyamwaga wakati wa chai.

Kwa wale wapya: tunachukua chipukizi la mgomba, tunalibandua ganda baada ya ganda kama kitunguu mpaka kibaki kiini cha ukubwa wa punje ya hindi. Tunakipanda kwenye uji mzito wa sukari na madini, ndani ya chupa. Wiki chache baadaye kimetoa watoto. Tunawatenganisha kwa kiwembe kilichochomwa kwenye moto wa spiriti, kila mmoja na chupa yake, nao wanazaa tena. Kila kutenganisha tunaita kukata. Kanuni ya maabara yetu ilikuwa kukata mara nane, basi, kisha unarudi shambani kuchukua mama mpya.

"Kwa nini nane?" nilimuuliza Bi. Kemilembe.

"Kwa sababu ya tisa sijaielewa."

Jibu hilo lilinishika kwenye kazi hiyo kuliko mshahara wowote. Nilikuwa sijawahi kukutana na msomi anayetaja mpaka wa akili yake bila kulazimishwa.

Adui yetu wa kila siku alikuwa weusi. Ukikata mgomba, jeraha linageuka kahawia, halafu jeusi, na weusi unashuka kwenye uji na kumuua mtoto. Aina nyingine zina weusi kidogo, nyingine zinageuka nyeusi ukizitazama tu. Wiki moja tulitupa nusu ya chupa. Devota alikuwa karibu kulia. Mimi nilikuwa nimesimama na ndoo ya takataka, nikamkumbuka bibi yangu, ambaye hakumenyea ndizi hewani hata siku moja. Bakuli la maji liko magotini, ndizi inamenywa na kuzama papo hapo, na kama wageni ni wa heshima anakamulia ndimu. Ndizi zake zilikwenda chunguni nyeupe. Nikasema, "Kwa nini tusikatie ndani ya maji ya ndimu?"

Devota akasema, "Sasa tumeajiri mpishi."

Bi. Kemilembe akaweka kikombe chini. "Bibi yako alijua kitu kinaitwa oksidisheni," akasema. "Oksijeni ya hewani inakutana na utomvu wa jeraha, na ndani ya seli pia kunazuka oksijeni kali, kama cheche, zinauma kila zinachokigusa. Ndimu ina vitamini C, na vitamini C inajitoa iumwe yenyewe badala ya seli." Tukajaribu, kwa vitamini C safi ya dukani, si ndimu ya sokoni yenye vijidudu vyake. Chupa zikang'aa. Sijawahi kujisikia vile. Nilizunguka jengo mara tatu kwa furaha, mlinzi akadhani nimefukuzwa.

Kosa langu la kwanza lilikuwa hapo hapo. Sikuandika kipimo popote, na mchanganyaji nilikuwa mimi peke yangu. Nilikuwa na mikono iliyojua, nikaona inatosha.

Miaka ikaenda. Niliondoka mara kadhaa, kwa sababu siwezi kuona barabara mpya nikakaa kimya, na kila niliporudi Bi. Kemilembe aliniuliza kitu kimoja tu: "Umenawa?" Halafu mnyauko ukaingia Muleba. Nyote mnaujua: majani yanalegea yakiwa bado mabichi, ndizi inaiva nje na kuoza ndani, ukikata shina linatoa usaha wa njano. Vibanja vya migomba vilivyolisha watu tangu enzi za mababu vilikatwa na kufukiwa.

Ndipo akaja Ma Koku. Jina lake kamili ni Kokushubila, mjane wa Ijumbi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kiongozi wa kwaya. Alikuja amekumbatia chipukizi moja lililofungwa kwenye kitenge, kama mtoto anayepelekwa kliniki. Kibanjani kwake ilikuwa imebaki shina moja tu la aina ambayo hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Mama mkwe wake, Nyakato, ndiye aliyeileta alipoolewa, na watu waliiita Nyakato pia. Uti wa jani lake ni mwekundu kwa chini kama umechovywa kwenye divai, na shina jeusi kama sufuria ya kuni. Ikipikwa inakuwa laini kiasi kwamba vibogoyo wanaipigania.

"Mume wangu hakuniachia mtoto," alisema. "Ameniachia mgomba. Shemeji yangu Rwegasira anasema kibanja kisichozaa kipandwe misonobari, nami nirudi kwetu. Kwetu ni wapi, waitu? Waliokuwa kwetu wote wamekufa."

Bi. Kemilembe akalipima lile chipukizi, akakuta halina ugonjwa. Akanikabidhi mimi. Siku mbili baadaye Ma Koku alituma habari kwamba lile shina lililobaki limenyauka. Kwa hiyo kile kiini kwenye chupa yangu kilikuwa Nyakato wa mwisho tuliyemjua duniani.

Nilimtunza kwa mikono yote miwili. Alikuwa na weusi kuliko aina zote nilizowahi kukata, na bila maji ya vitamini asingemaliza wiki. Kwa sababu nilimpenda, sikutaka kumwandika kwa namba kama miche mingine. Niliandika kwenye chupa ya kwanza: MAMA. Nilipokata mara ya kwanza, MTOTO. Kisha MJUKUU. KITUKUU. KILEMBWE. Maneno haya ya mwisho nilikuwa nimeyapata kwenye kamusi niliyookota kwenye boti, na nilijivuna nayo sana, kwa sababu sisi huku Kiswahili tumejifunzia darasani na wengi wetu tunaishia kwenye kitukuu. Kukata kwa tano nikaandika KILEMBWEKEZA.

Kwa sita, maneno yakaisha.

Nilikaa na kalamu. Kibanjani kwetu, mgomba ukishazaa tunauangusha, na mtoto aliyesimama pembeni anakuwa mama wa shina lile lile. Nikaona ni sahihi kabisa. Nikaandika: MAMA. Kichwani mwangu ilikuwa wazi kwamba hao ni mama wa mzunguko wa pili na wamebakiza kukatwa mara mbili tu. Kichwani mwangu.

Wiki hiyo hiyo nikasikia mtu anataka mpishi kwenye kisiwa kimoja, nikaomba ruhusa ya wiki mbili. Nilirudi baada ya miezi tisa.

Devota alikuwa amezikuta chupa zangu zimeandikwa MAMA. Akafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili angefanya: akahesabu kuanzia pale. Akakata mara nane, kwa namba nzuri zilizonyooka. Sita zangu na nane zake ni kumi na nne. Na kwa sababu kipimo cha maji ya vitamini nilikuwa nimesafiri nacho kichwani, watoto wake walikuwa wanageuka weusi kila mara, akawa anaokoa walio hai na kuwakata tena, wakiwa na majeraha juu ya majeraha. Niliporudi, miche arobaini ya Nyakato ilikuwa imeshapandwa Ijumbi. Devota alikuwa anaringa, na alikuwa na haki. Nikamuuliza alikata mara ngapi. Aliponijibu nilikaa chini kwenye ndoo.

"Nini?" akasema. "Si uliandika mama?"

"Niliandika."

"Sasa mama ni mama!"

Nilitaka kuamini kwamba hakuna kilichoharibika. Baada ya mwaka nikaenda Ijumbi na Bi. Kemilembe. Migomba arobaini ilikuwa imesimama kwa mistari, hai, ya kijani, na kimo chake kiliishia kiunoni kwangu. Majani yalikuwa yamebanana. Jirani aliyekuwa anapalilia kahawa yake akapaza sauti, "Ma Koku, wageni wamekuja kununua kabichi!" Ma Koku akatusogelea. Alitushika mikono, akatukaribisha ndani, akatupa chakula. Hilo liliniumiza kuliko kama angetutukana.

Nilimwambia yote. Nilimweleza habari ya kamusi na ya kilembwekeza, na safari yangu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia Bi. Kemilembe. "Kwa hiyo hawa si Nyakato?"

Bi. Kemilembe ni Mlutheri wa kwaya, na kwenye kabati la Ma Koku kulikuwa na kitabu cha nyimbo. Akakichukua. Ndani yake kulikuwa na vijikaratasi, kama kawaida ya wanakwaya, vya kuonyesha nyimbo za Jumapili.

"Ma Koku, jeni za mgomba ni nyimbo zilizochapishwa humu. Seli zote zina kitabu hiki hiki. Lakini jani haliimbi nyimbo za mzizi. Juu ya jeni kuna alama ndogo, zinaitwa methili, kazi yake ni kama ya hivi vikaratasi: huu uimbwe, huu unyamaze. Seli inapogawanyika inanakili kitabu, na inanakili vikaratasi pia." Akakitikisa kitabu. Vikaratasi viwili vikaanguka kwenye mkeka. "Sasa kata mgomba mara kumi na nne. Kila jeraha linazusha zile cheche za oksijeni. Seli inayokimbizana na moto hainakili vikaratasi vizuri. Vingine vinadondoka, vingine vinabandikwa kurasa zisizo zake. Nyimbo zote bado zipo. Hawa ni Nyakato. Ila wamesahau waimbe wimbo gani."

Nikauliza, sikuweza kujizuia, "Na nyimbo za kuzima moto? Nazo si zimo humo humo?"

Bi. Kemilembe akanitazama, na mbele ya mwanamke aliyekuwa anapoteza kibanja chake kwa sababu yangu, uso wake ukawaka. "Ndiyo! Hapo ndipo penyewe. Kikaratasi cha wimbo wa kuzima moto kikidondoka, moto unaongezeka. Moto ukiongezeka, vikaratasi vinazidi kudondoka. Vinashikana mikono hivyo, huyu anamvuta yule. Nahisi hiyo ndiyo mara ya tisa niliyokuwa siielewi." Akafunga kitabu. "Nahisi. Sijapima."

Wenzangu wapendwa, nilisisimka hadi nywele. Nikaona aibu kwa kusisimka. Yote mawili yalikuwa ya kweli, na sijui mpaka leo namna ya kuyatenganisha.

"Vikaratasi vinaweza kurudishwa?" Ma Koku aliuliza. Alikuwa ameviokota viwili vile na kuvishika.

"Vingine hurudi vyenyewe kwa watoto wanaofuata. Vingine havirudi. Siwezi kukuahidi. Ningepata Nyakato ambaye hajapita kwenye chupa, ningeanza upya."

"Hayupo," akasema Ma Koku. Halafu akafikiri. "Wifi yangu mkubwa, Adelina, alipogombana na kaka zake alikwenda visiwani, alibeba chipukizi kwenye ndoo. Miaka mingi. Sijui kisiwa gani. Sijui kama yu hai."

Mwaka huu ukoo ulikaa kikao. Rwegasira alisema kabichi haiwezi kuitwa kibanja, na kwamba vuli ikianza ataleta miche ya misonobari. Mwezi uliofuata nikastaafu. Mlinipa keki na saa ya ukutani. Mtu ambaye hajawahi kuwa na ukuta wake mnampa saa ya ukutani, nimemwachia Devota.

Asubuhi iliyofuata nikaamka kabla ya chai, nikaweka kwenye mkoba kiwembe, spiriti, vitamini C, chupa mbili za jemu zenye uji wetu, zilizopikwa na kufungwa, na shati moja la kubadilisha, nikatoka. Mpango sikuwa nao, ila jina la Adelina. Mwaloni, penye boti, kijana wa tiketi akaniuliza, "Mzee, kisiwa gani?"

"Boti ipi inaondoka kwanza?"

"Ya Goziba."

"Basi ndiko ninakoenda."

Goziba sikuwahi kufika. Ni jiwe lililotoka ziwani, na juu yake mabati, nyavu, jenereta, na watu wa kila kabila wanaouliza bei ya dagaa. Nilishuka nikiwa nimelowa hadi mapajani. Nikauliza penye chumba. Wakanielekeza kwa mama mmoja Mhaya mwenye gesti ya mbao juu kidogo ya kambi. "Mkali," wakasema, "lakini mashuka yake ni meupe."

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, mwanamke mkubwa, mwenye mvi, bakuli la maji magotini. Alikuwa anamenya ndizi. Kila moja ilizama kabla haijaona hewa, na nusu ya ndimu ilikuwa inaelea. Nikasimama pale nikimkumbuka bibi yangu.

"Unatafuta chumba au unatafuta chakula?" akauliza.

"Chumba, waitu," nikasema, kwa heshima ya kwetu.

"Unatoka Muleba."

"Umejuaje?"

"Wa Mwanza hawaniiti waitu. Siku ngapi?"

Nilikuwa nimeshageuza macho, kwa sababu maji yake machafu yalikuwa na mfereji mdogo kuelekea nyuma ya jiko, na mwisho wa mfereji, katikati ya mawe, palikuwa na shina la migomba mitatu lililopita paa. Upepo wa ziwa ukainua jani moja. Chini yake lilikuwa jekundu.

"Mama," nikasema, "wewe ni Adelina wa Ijumbi?"

Kisu kikasimama. "Nani anauliza?"

"Nimetumwa na Ma Koku. Hapana, hakunituma, hajui niko hapa. Mimi ndiye niliyeharibu migomba yake."

Nikamweleza, nimesimama, maji yakinidondoka. Nilipofika kwenye misonobari akaweka bakuli chini.

"Rwegasira? Amempa Kokushubila mpaka vuli?"

"Ndiyo."

"Rwegasira nilimbeba mgongoni! Alinikojolea mgongoni mpaka akaanza shule!" Akafuta mikono. "Na yule mume wake Koku, ndugu yangu, alipofariki hawakuniambia. Nilisikia kwa muuza mitumba." Akaitazama migomba. "Boti ya kurudi ni keshokutwa. Nitamwambia mwenyewe. Kibanja kile ni cha mama yangu kabla hakijawa cha yeyote kati yao."

"Na chipukizi?"

"Chukua mawili. Lakini ukimletea kabichi tena nitakuja na kisu hiki hiki."

Akanionyesha chumba. Kitanda, ndoano ya shati, dirisha linalotazama migomba. Nikaomba maji yaliyochemka na kijimeza, nikanawa mpaka kwenye viwiko, nikakata nikiwa nimefunga mdomo. Jeraha la Nyakato lilibaki jeupe ndani ya maji. Nikakifunga kiini kwenye chupa, nikachukua kalamu. Kwanza niliandika kwenye karatasi kipimo cha vitamini, jina la kisiwa, na jina la mwenye shina. Kisha kwenye chupa nikaandika namba, kubwa, isomwe na yeyote hata nikipotea njiani: 0.

Adelina alikuwa mlangoni na shuka mkononi. "Ndiyo jina lake hilo?"

"Ndiyo hesabu yake," nikasema. "Jina lake ni Nyakato."